Machujio Yaliyosuguliwa kwa Magunzi

Kazi yangu hapa Shinyanga ni kuhakikisha machujio hayazibi. Nikisema hivyo watu hucheka, wanadhani nachuja chai. Machinjio ninakofanya kazi yana tangi kubwa lililofungwa lisiingize hewa. Humo damu, mafuta na maji ya kuoshea utumbo huliwa na vijidudu visivyotaka hewa, navyo hutoa gesi. Mwishoni maji hupita kwenye machujio, karatasi ngumu nyeupe zilizobanwa kwenye fremu, juu yake ngozi nyembamba yenye vitundu ambavyo jicho halivioni. Yakitoka hapo hayanuki.

Adui ni utando. Mafuta ya ng'ombe na ute wa vijidudu hugandamana juu ya machujio mpaka pampu inaanza kulalamika. Unapambana nao kwa upole. Unapuliza mapovu ya ile ile gesi yayapapase kutoka chini, unayapumzisha, na yakikataa kabisa unayatoa, unayafuta kwa sifongo laini na kuyaloweka kwenye dawa ya klorini. Mimi nina hasira za karibu, nimewahi kumfukuza fundi mzima kwa kushika fremu huku ana kucha ndefu, lakini mbele ya machujio nilikuwa kama ninayebembeleza mtoto. Mke wangu alinitania kwamba siku moja naye angependa azibe, apapaswe.

Maji yaliyochujwa yaliteremka bondeni kwa shangazi yangu, dada wa marehemu baba, ndiye aliyenilea. Zamani mfereji ule ulikuwa mweusi, hakuna aliyeusogelea. Yalipoanza kuja safi akalima matuta ya mchicha na matembele, akawa anauza sokoni. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu akawa hamwombi mtu kitu, na alitembea kama mtu anayelijua hilo.

Kuna wakati machinjio yalisimama kwa matengenezo. Nilikuwa nimetoa machujio yote na kuyapanga kwenye kichanja yachuruzike kabla ya kuyafuta, simu ikaja kutoka Katoro. Mke wangu alikuwa huko akimuuguza mama yake. Alitoka kwenda kununua dawa, pikipiki ikamgonga akivuka barabara. Niliondoka vile vile, mabuti miguuni.

Tulimleta nyumbani, tukamzika Ngokolo. Kwetu mfiwa hagusi kazi. Wanawake wa mtaa huchota maji, hupika, huosha vyombo, hufagia uwanja, na wewe unakaa tu mkekani unaitikia pole. Shangazi ndiye aliyewaongoza. Sikujua kwamba alikumbuka na kazini kwangu.

Niliporudi kazini nilikuta machujio yanang'aa. Mlinzi alinieleza kwa furaha. Shangazi alikuja na wenzake, wakasema mfiwa haachiwi vyombo vichafu, wakayasugua mchana kutwa kwa mchanga, majivu na magunzi ya mahindi, sawasawa na masufuria ya msibani. Nilikaa juu ya ndoo. Nilijaribu kukasirika nikashindwa, na hilo liliniuma kuliko hasira yenyewe.

Niliyarudisha kwenye tangi kwa sababu sikuwa na mengine. Pampu haikulalamika hata kidogo. Maji yalipita mbio, meusi, na uvundo wake wote. Ile ngozi nyembamba inayochuja ilikuwa imeondoka na magunzi. Mwenye machinjio akaagiza mapya ng'ambo, tukaambiwa tusubiri, lakini ng'ombe waliendelea kuchinjwa. Bondeni matembele yakaanza kuoza kwenye mashina.

Shangazi akapanda kuja kuniona, akanikuta langoni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Maji yamekuwaje tena?"

"Machujio yamechoka."

"Yamechoka vipi, na sisi tuliyasugua yakawa meupe? Ni mafuta tu hayo, yameshika upya. Kesho nakuja na wenzangu. Magunzi ninayo, nimeshayakusanya."

Nilitaka kumwitikia tu, aondoke na amani yake. Lakini niliyaona akilini yale mapya yakifika, na yeye akiyafuata na kapu lake, na bonde likioza mara ya pili. Nikamkalisha kwenye kivuli cha ukuta. Nikamwambia polepole kwamba yale si masufuria, yana ngozi, na ngozi ile haistahimili gunzi wala mchanga.

Aligeuka akatazama bondeni. Kisha akauliza, "Wenzangu wanajua?"

"Hapana, shangazi."

"Usiwaambie. Walikuja kwa ajili ya mkeo."

Akajifunga kitenge vizuri, akateremka. Kesho yake niliambiwa anang'oa mboga matutani mwenyewe, hataki msaada wa mtu.

Machujio mapya hayajafika. Bado tunakula pamoja Jumapili, kwangu, kama alivyotuzoesha mke wangu. Zamani shangazi hakuondoka bila kuosha kila chombo, hata ukimkataza, hata akiwa anaumwa mgongo. Sasa akimaliza kula huisogeza sahani yake pembeni taratibu, hainuki nayo. Nami huiacha pale mpaka aondoke, ndipo naiosha, asinione.