Bitana ya Miavuli Mibovu

Dirisha la chumba cha kulala cha mwokaji na mkewe lilikuwa pana kama mlango wa gereji, na halikupatana na pazia lolote la dukani. Mwenye nyumba alilitoa kwenye jengo lililobomolewa, akalipachika ukutani jinsi lilivyo, likitazama mashariki. Jua lilipochomoza lilimkuta mwokaji ndiyo kwanza anavua viatu.

Huyo mwokaji alipika mikate usiku kucha na kurudi kulala wenzake wakiamka. Kulala kwenyewe kulikuwa kujigeuza tu, fulana imemfunika uso. Wiki ile alisinzia mbele ya tanuri, mikate ikatoka myeusi tii, na msimamizi akamwambia ikitokea tena atafute kazi kwingine.

Mkewe alikuwa fundi wa miavuli na zipu, soko zima likimwita Mama Miavuli. Siku hiyohiyo alimwita mshona mapazia aje kupima. Yule bwana alipima, akapiga hesabu, akataja bei. Mama Miavuli akamshukuru, akamsindikiza hadi nje, kisha akarudi ndani akacheka mpaka akakaa chini.

Wazo lilimjia kesho yake akiwa kibandani, alipopiga teke gunia la miavuli iliyokufa, ile ambayo wenyewe waliiacha itengenezwe wasirudi tena. Kitambaa cheusi, kizito, hakipitishi maji. Akakiinua juani. Na mwanga je? Haukupita. Alifunga kibanda mchana kweupe, mteja akiwa bado ameshika begi lake lenye zipu mbovu.

Wifi yake, dada wa mwokaji aliyepanga chumba cha pili, alimkuta sakafuni katikati ya mbavu za chuma na vitambaa.

"Wifi, kaka yangu umempangia kulala mvuani?"

"Nimempangia kulala, basi. Shika huku."

"Wageni wakiona viraka hivi?"

"Mgeni gani anaingia chumbani kwangu? Labda wewe, na wewe hata hodi hupigi."

Wifi akashika. Mwavuli ukifumuliwa hutoa pembetatu. Mama Miavuli aliziunga moja ncha juu, inayofuata ncha chini, hadi zikawa kipande kirefu kilichonyooka. Hiyo ndiyo bitana, kitambaa cha nyuma cha kuzuia jua. Upande wa ndani, unaotazama kitanda, aliweka mashuka mawili mapya ya rangi ya mchanga, akayakunja marinda kwa vidole na kuyashona juu moja moja.

Pazia lao la zamani lilikuwa limepimwa kwa ukubwa wa kioo, jua likapenya pembeni kote. Safari hii alipima ukuta: bomba la kutundikia likapanda karibu na dari na kupita fremu kila upande. Wakatundika. Mapazia yakaishia juu ya sakafu kama suruali ya mtoto aliyerefuka ghafla.

Wifi alicheka akashika mbavu. "Haya yanavuka mto?"

Mama Miavuli alishazama guniani. Akaibuka na mwavuli mkubwa wa kijani wenye maua meupe, akaukata, akaunga mkanda mpana chini ya kila shuka. Ndani ya pindo akatia vipande vya mbavu za chuma ili kitambaa kishuke wima. Walipotundika tena, yakafika sakafuni. Wifi akarudi nyuma mpaka mlangoni, akakunja mikono.

"Na langu utanishonea lini?"

Asubuhi mwokaji aliingia chumbani, akapapasa kitanda.

"Leo kuna mawingu?" aliuliza, na kabla hajajibiwa akalala.

Mkewe akafunga mlango polepole, akaenda kazini. Huko kibandani alishona zipu juu chini, akaifumua, akashona tena. Saa sita akarudi mbio. Wifi alikuwa uani anaanua nguo.

"Nenda polepole. Anakoroma tangu ulipotoka."

Jioni ilipokaribia, mwokaji alikurupuka kitandani. "Nimechelewa kazini?"

Mkewe aliyekuwa akisubiri hapo mlangoni alivuta pazia. Mwanga ukajaa chumba. Mwokaji akatazama marinda, akafuata ule mkanda wa maua hadi sakafuni, uso ukambadilika.

"Umemrudisha yule fundi wa mapazia," alisema taratibu. "Mke wangu, mwezi huu tutakula nini?"

Mkewe akageuza kitambaa. Mumewe akasogea, akagusa pembetatu, akafuata mshono kwa kidole.

"Hii ni miavuli."

"Ya watu waliosahau kurudi. Sasa ngoja nikuonyeshe pindo, humo ndani nimetia..."

Mwokaji alikuwa amesharudi kitandani, anacheka kichwa kikiwa juu ya mto. "Utanionyesha nikiamka. Funga kwanza, jua halijazama."

Akafunga. Akasimama gizani, mkono ukiwa kwenye kitambaa, akamsimulia habari za pindo kwa kunong'ona hadi mwisho, ingawa mwenzake alishaanza kukoroma.