Kichwa cha Feza

Nakumbuka mwaka ule mtaa mzima wa Dilala tulikula bukari, ugali wetu, na mboga ya lengalenga bila mafuta, mpaka harufu ya samaki kwa jirani ikawa habari. Feza wangu alikuwa na miaka sita. Kila akibeba beseni la maji lilimwagika upande wa kushoto, kwani kichwa chake kililala begani. Mi nikasema ni kiburi. Nikamshika kidevu, nikamnyoosha kwa nguvu.

"Mama, hivi muko babili," akalia. "Moja juu, moja chini."

Mwanangu unayenisikiliza, nikaogopa mutoto niliyemzaa mwenyewe. Kwanza nikamshuku jirani, Mama Ngoie, aliyekuwa akimpa mikate ya kukaanga; nikadhani kamlogea humo. Nikaacha kumsalimia. Tata muchungaji wa chumba cha maombi akakoleza moto: mutoto anayeona mama wawili ni mulozi, aletwe abaki kwake siku saba bila chakula. Nami, aibu yangu, nikaanza kumtengea Feza sahani yake, mbali na yetu.

Mama Ngoie akaingia bila hodi, picha ya ubatizo wa Feza mkononi.

"Angalia, mama Feza. Hapa hana jino hata moja, na kichwa kinalala. Mukate wangu aliutafuna na nini?"

Kicheko kilinitoka kabla ya aibu. Tukampeleka Feza hospitalini, kwa munganga wa macho. Akasema mshipa mdogo wa fahamu unaoongoza jicho moja ni dhaifu, macho hayaendi pamoja, ndiyo maana analaza kichwa, ili vitu viwili viwe kimoja. Hata yeye nikamshuku. Nikamnyoosha Feza kichwa, nikamziba jicho moja kwa kiganja.

"Mama yako wangapi?"

"Moja tu."

Hapo nikaamini. Tuliporudi, watu wawili wa muchungaji walikuwa mlangoni, wamekuja kumchukua. Nikasimama katikati: "Mutoto haendi. Mwenye kumutaka aanze na mimi."

Leo Feza ni mwalimu, na kwenye picha bado analaza kichwa kidogo. Mwanangu, kushuku sikukatazi, mi nashuku hata chumvi ya dukani. Lakini anayemwita mutoto mulozi, mshuku huyo kwanza. Ukiona kichwa kinalala au jicho halifuati lenzake, usimpige, usingoje, mpeleke kwa munganga. Mungu akujalie uzee wa kuletewa maji na huyo uliyemlinda. Na wakibisha kwako, wajibu kama nilivyowajibu: "Mutoto haendi. Mwenye kumutaka aanze na mimi."