Birika Avuka Mpaka

Jina lake halisi lilikuwa limeandikwa juu ya mlango wa studio, lakini rangi ilikwisha kubanduka na hakuna aliyelikumbuka. Mtaa mzima ulimwita Birika, kwa sababu ya mkono wake. Mkono wa birika umekunjwa na haukunjuki, na wa huyu bwana ulikunjuka kwa jambo moja tu, kupokea. Mwenyewe hakuchukia. Alisema jina ulilopewa bure usilikatae, maana jipya lina ada.

Kazi yake ilikuwa kupiga picha ndogo za vibali. Mji wao ulikuwa ubavuni mwa mpaka, na mkazi aliyetaka kuvuka asubuhi na kurudi jioni hakuhitaji pasipoti. Alihitaji kibali cha siku moja, na kibali kilihitaji picha. Basi watu walikuja, wakakaa kwenye stuli mbele ya pazia jeupe, wakaambiwa, "Inua kidevu. Usifumbe macho." Nyuma ya kila picha Birika aligonga mhuri wa studio yake. Alikuwa ameivusha nusu ya mji kwa namna hiyo, na yeye mwenyewe hajawahi kuvuka. Kinyozi hajinyoi, alisema, akidhani hilo ni jibu.

Kwa mkewe halikuwa jibu. Mkewe alikuwa dobi. Nyumba yao ilikuwa mteremkoni, nyuma ya studio, na kamba ya nguo ilitazamana na mlima ulioko ng'ambo. Tangu aolewe, mama huyu alianika mashati ya watu akiutazama mlima ule, ukivaa ukungu asubuhi na kuuvua saa ya pasi. Alikuwa na hamu moja, wala haikuwa ya kanga mpya. Alitaka asimame kule juu, ageuke nyuma, aitazame nyumba yake mwenyewe.

"Miaka yote mimi ndiye nauona," alikuwa akisema. "Nataka nikaone nao unavyoniona mimi."

Birika alimwahidi alipokuwa bibi harusi. Akaahidi tena mtoto wa kwanza alipozaliwa, akaahidi tena wa mwisho alipoondoka kwenda kujitegemea. Kila mara lilizuka jambo: bati linavuja, kamera imekohoa, wateja ndio kwanza wameanza kuja. Ahadi ni deni, na huyu hakuwa mwepesi wa kulipa madeni. Mwishowe mkewe akanyamaza kabisa, na hapo ndipo Birika alipoingiwa na hofu. Mke anayenung'unika bado anakutegemea. Anayenyamaza keshakufuta.

Jioni moja akajikaza. "Mama watoto, mwezi huu tunavuka."

Mkewe aliendelea kukunja shati. "Sawa."

"Sawa gani hiyo?"

"Sawa ya kwamba nimesikia. Na wewe unisikie, mzee. Safari hii ukiivunja, mlima huo usinitajie tena mpaka naingia kaburini. Nitahamisha kamba. Nitaanika upande wa barabarani, kwenye vumbi, na usinizuie."

Birika alimjua mwanamke huyu. Alichosema amesema.

Ndipo akaanza kupanga safari, na jinsi alivyoipanga ni kichekesho cha mtaa mpaka leo. Kila mteja aliyekaa kwenye stuli alihojiwa. "Ukivuka kule, choo cha stendi wanatoza ngapi? Tulia, usitikisike. Na maji ya kunywa?" Mteja akifungua mdomo kujibu, picha inaharibika, na Birika anapiga upya huku akiuliza la pili. Muuza vitunguu mmoja alitoka mle na picha iliyoachama kama anaimba, akakataa kuilipia. Lakini habari zilipatikana. Pesa usibadilishe kwa vijana wa nje ya geti, badilisha ndani. Chakula beba chako. Njia ya mlimani inaanza nyuma ya soko, na lililomfurahisha kuliko yote, mlima wenyewe hauna kiingilio.

Usafiri nao akaupata kwa bei ya urafiki. Dereva wa gari la mikate aliyevuka kila alfajiri alikubali kuwachukua kiti cha mbele.

"Nisafiri na mikate?" mkewe aliuliza.

"Mikate haisukumani wala haipigi kelele. Na utanukia vizuri."

Mama akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka juu ya habari ya safari ile, na Birika aliusikia moyo wake ukimwagika raha.

Ikabaki picha. Ya mkewe aliipiga kwa mkupuo mmoja, na ikatoka nzuri hata akachelewa kuikata, akiitazama. Yake sasa, nani apige? Mkewe akashika kamera. Birika akakaa kwenye stuli aliyowakalisha wengine maisha yake yote, na taa ilipomulika, akafumba macho. Wakarudia, akafumba. Mara ya tatu akakodoa kwa nguvu mpaka chozi likamtoka, na bado jicho la kushoto likafumbika.

"Inua kidevu," mkewe akasema, amejishika mbavu. "Usifumbe macho! Maneno unayoyauza wewe mwenyewe huyajui?"

Wakachukua ile yenye jicho moja na nusu. Kupiga nyingine, Birika alisema, ni kupoteza umeme.

Siku ikafika. Kabla hakujapambazuka vizuri alimwona mkewe kwenye kamba, akianika lile shuka la rangi ya chungwa lenye maua makubwa, ambalo yeye Birika alilinunua kwenye mnada kwa bei ya kutupa na mkewe hakulitandika hata siku moja, akisema linafukuza usingizi. Lilikuwa safi, halijatumika. Alitaka kusema kitu kuhusu sabuni, akajiuma ulimi. Siku ya safari haisemwi sabuni.

Wakatoka na kikapu chao: mayai ya kuchemsha, mkate, chupa ya chai. Mkewe alikuwa amevaa viatu vya kamba vilivyokuwa vikingoja kabatini tangu harusi ya binti yao. Gari la mikate lilikuwa limekwisha simama ng'ambo ya barabara, linanguruma.

Na mbele ya mlango wa studio palikuwa na basi zima la watu.

Ilikuwa timu ya mpira na mashabiki wake, wana mechi upande wa pili, na hakuna aliyekuwa amewaambia habari ya picha. Kiongozi wao, mwenye filimbi shingoni, alimdaka Birika mkono. "Mzee, tuokoe! Wote hawa, sasa hivi. Sema bei yako, hatubishani."

Sema bei yako. Hatubishani. Maneno hayo Birika aliyangoja maisha yake yote, na yanamjia asubuhi hii! Mapato ya miezi yamepanga foleni mlangoni pake, wengine wameshaanza kuchana nywele. Mkono ukaingia mfukoni wenyewe ukashika ufunguo. Dereva wa mikate akapiga honi. Mikate haingoji mtu.

Akageuka kumtazama mkewe. Alikuwa ameketi kwenye ngazi ya studio, kikapu kando, ameinama, anafungua kamba za kiatu cha kulia.

Birika aliwatazama wale watu, akautazama ufunguo, kisha akanyoosha mkono kuelekea kibanda cha pili, kwa mama mmoja aliyeitwa Chapchap, mpiga picha mwenzake, ambaye Birika hakuwahi kumsalimia tangu mama huyo afungue biashara.

"Pale," akasema. "Picha zake si mbaya. Mwambieni nimewatuma mimi."

"Lakini mzee—"

"Mimi leo nimefunga. Nasafiri." Kisha akachuchumaa, magoti yakilia, akashika kamba za kiatu cha mkewe akaanza kuzifunga upya. "Usivue viatu, mama watoto. Twende zetu."

Garini, katikati ya harufu ya mikate ya moto, mkewe aliuchukua ule mkono wa birika akauweka mapajani pake, na haukurudishwa mpaka getini.

Pale getini askari aligeuza picha, akaona mhuri, akaigeuza tena. "Kumbe wewe ndiye mwenye mhuri huu! Miaka yote nauona mgongo wako, leo nimeona sura." Akaliangalia lile jicho. "Sura yenyewe nusu." Akagonga kibali akicheka.

Mlima waliupanda polepole, wakipumzika kila penye kivuli. Njiani palikuwa na mtu anauza soda za baridi. Birika alinunua mbili, na mkewe aligundua baadaye kwamba hakuuliza bei.

Walipofika juu, wakageuka. Mji wao ulikuwa umelala chini pale, mabati yenye kutu yamebanana, yote sawasawa. Birika akatafuta studio, akatafuta nyumba, hakuona. Akaingiwa na wasiwasi: wamekuja kote huku, na nyumba haionekani?

"Angalia kushoto kwa mnara," mkewe akamwambia.

Akaangalia. Nukta ya rangi ya chungwa ilikuwa ikipepea mteremkoni, kali, haifichiki.

"Si lile shuka langu?"

"Ndilo. Nilijua mabati yatafanana."

Birika akapiga hesabu. Shuka lile lilianikwa kabla ya jua, kabla ya basi, kabla yeye hajashika ule ufunguo. "Kwa hiyo uliamini tutafika."

"Niliamini. Kidogo nivue viatu, lakini niliamini." Macho hayakubanduka kwenye ile nukta. "Ni kadogo, nyumba yetu. Na ni kazuri. Umenichelewesha, mzee, lakini umenifikisha."

Birika alilia, na hakujificha. Kisha akatoa kamera, akamsimamisha mkewe mahali ambapo nukta ile ingeonekana begani pake.

"Inua kidevu," akasema. "Usifumbe macho."

"Nitafumbaje," mkewe akajibu, "na nimengoja miaka yote hii kuona?"