Bastola ya Marehemu Baba

Mama anayetengeneza bunduki mtaani kwetu hagusi silaha kabla ya kunawa mikono, na hata ukimwapia kwamba haina risasi, ataifungua ahakikishe mwenyewe. Siku moja mzee mmoja alimletea bastola ya marehemu baba yake, aliyesimulia maisha yake yote kwamba alipigana nayo vitani. Mama fundi alitoa mbao za mpini, akaisogeza dirishani, akaanza kusugua kutu polepole kwa kitambaa. Akishaanza, hasemeshwi. Mzee alipomsihi aandike tu kwenye cheti cha ukaguzi kuwa ni ya vita, alitikisa kichwa bila kuinua macho, akasugua mpaka muhuri wa kiwanda ukajitokeza pamoja na mwaka wake.

"Imetoka ng'ambo, mzee wangu, na ilitengenezwa vita vikiwa vimeshakwisha," alisema kwa sauti yake ya chini. "Siwezi kuandika vinginevyo."

Mzee alinywea. "Kwa hiyo baba alitudanganya?"

"Hilo silijui. Ila kuna mtu aliitunza miaka mingi kwa mafuta ya cherehani. Bado yananukia."

Mzee aliichukua bastola, akaileta puani, akakaa nayo hapo. "Ni mama," alisema. "Mama yangu ndiye aliyekuwa akishona."