Zamu ya Maji ya Diwani

Diwani anafanya kazi gani hasa? Mwenzangu wa chumbani chuoni aliniuliza hivyo, nami, mtoto wa diwani, nikabaki kutafuna kalamu. Nilijua mama hushuka Same mjini kwenye vikao vya halmashauri, na kwamba huko huitwa Mheshimiwa. Zaidi ya hapo nilikuwa na mashaka tu.

Likizo ile nilirudi nyumbani milimani nikiwa nimeazimia kumchunguza. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Mama alitaka kugombea tena, na kwanza ilibidi avuke kura za maoni za chama, ambako mpinzani wake alikuwa ameshaanza kugawa kanga.

Kwetu kuna ndiva, bwawa la udongo linalojaa usiku na kufunguliwa asubuhi, kila shamba kwa zamu yake. Tope likizidi, unaitishwa msaragambo, na kila kaya hutoa mtu mzima wa kuchimba. Asiyefika hurukwa zamu. Siku ya msaragambo mama alikuwa kikaoni akidai barabara yetu itengenezwe, na mimi nilikuwa bado njiani kutoka chuoni.

Asubuhi iliyofuata tulikwenda ndiva na majembe yetu. Mzee wa maji, msimamizi wa zamu, alitaja waliorukwa. Jina la mama lilikuwa la mwisho, na alilitamka akitazama miguu yake.

Kicheko kikalipuka.

"Mheshimiwa, leo mwagilia kwa posho!" mwanamke mmoja alipaza sauti.

"Posho yenyewe imekauka, shoga yangu," mama akajibu. "Labda nilie machozi."

Mimi sikucheka. Maharage yetu yalikuwa yanatoa maua. Njiani nikamvaa: "Mama, si ulikuwa kwenye kazi yao? Kwa nini hukuwaambia?"

"Mimi nilikaa kwenye kiti, mwanangu. Wao walisimama kwenye tope."

"Huo ni uungwana au ni kampeni?"

"Wewe chuo kinakufundisha kuuliza tu? Shika jembe vizuri, utajikata."

Mpinzani hakulaza damu. Kila mahali alikopita alisema, "Diwani aliyenyimwa maji na watu wake atatuletea nini?" Niliona hoja hiyo ina nguvu, na nikamwambia mama kwamba atashindwa. Akaendelea kupukuchua mahindi.

Siku ya kura wajumbe walijifungia darasani, sisi wengine tukasubiri kwenye nyasi. Mama alipita kwa kura chache. Mjumbe mmoja, jirani yetu, alitoka akijipepea kwa kanga mpya ya mpinzani. Nikamwamkia, kisha nikamuuliza kwa nini wamempa mama kura.

"Marahaba. Huyu tunamweza," alisema. "Tukimwadhibu, anakubali. Yule mwingine tutamshika wapi?"

Maharage yalitoka haba. Makande ya msimu ule yalikuwa karibu mahindi matupu, na tuliyala kwa furaha.

Nilikuwa nimeshahitimu, na mama yuko katikati ya kipindi chake kipya, nilipokutana na mzee wa maji akipalilia tangawizi. Ndipo akaniambia kwamba kamati ya ndiva ilikuwa imeamua kumsamehe mama kwa sababu ya kikao. Lakini alfajiri ya siku ile ya kutajwa majina, kabla sijaamka, mama mwenyewe alikwenda kubisha hodi kwa mzee huyo na kumwambia amtaje miongoni mwa waliorukwa.