Medius na Njia ya Pili

Medius Kabugho habishani kwa kelele. Anakusikiliza mpaka umalize, kisha anarudia jambo lake lilelile, na hapo ndipo unapojua umeshindwa. Nasema hivyo kwa uchungu kidogo, maana mimi Enoka, msimamizi wa zahanati hii ya Bwera, ndiye niliyebishana naye.

Seva yetu inatunza kadi za wagonjwa wote, hata wa tawi letu la Kyarumba kule mlimani. Ina njia mbili za mtandao: ya kwanza inapitia mnara wa Nyakiyumbu, ya pili inapitia Kasese. Ya kwanza ikifa, ya pili inashika. Ndivyo nilivyoamini, kwa sababu taa ya waya wa kwanza ilikuwa kijani kila asubuhi, nami nilikuwa naitazama kama mtu anayetazama ng'ombe wake.

Mwezi wa tatu radi ikapiga ule mnara. Waya unaotoka kwenye seva hadi kisanduku cha ukutani ulikuwa mzima, basi taa haikuzimika, na seva, iliyokuwa ikipima waya huo tu, ikaendelea kutuma kila kitu kwenye mnara uliokufa. Kule Kyarumba wakamleta mama Mbambu kwa machela, hajitambui. Nesi Ronah hakuweza kufungua kadi yake. Akamchoma dawa ambayo kadi ilikuwa imeikataza. Mbambu alipona, lakini chupuchupu. Aibu ile ninayo mpaka leo.

Medius ndiye fundi wetu, mzaliwa wa Kyarumba. Kule kwao mtu havuki bonde na mzigo kichwani kabla hajaita ng'ambo akaitikiwa. Akaipangia seva ifanye vivyo hivyo: iite kila sekunde, na ikikosa jibu mara tatu ihamie njia ya pili. Wiki ya kwanza ilimshinda, kwa kuwa aliiambia iite kisanduku cha ukutani, nacho kinaitikia hata mnara ukiwa majivu. Akafuta, akaanza upya, sasa seva ikiita mashine iliyoko ng'ambo ya mnara.

Mnara ulipotengenezwa, akataka kuijaribu: achomoe waya wa antena ya paani inayotazama mnara, tena mchana, zahanati ikiwa wazi. Nikakataa. Kitu kinachofanya kazi hakiguswi, nikamwambia; angoje Jumapili.

"Mzee, Mbambu hakuletwa Jumapili," alisema. "Kama itakufa, ikufe leo, mimi niko hapa."

Tukapanda juu ya paa saa tano, foleni imejaa barazani. Mimi nilishika simu. Ronah alikuwa Kyarumba akinisomea kadi moja baada ya nyingine. Medius akachomoa waya. Ronah akanyamaza katikati ya jina, nami nikahesabu: moja, mbili, tatu. Halafu akamalizia lile jina, akasoma kadi iliyofuata, na nyingine.

"Mzee, mwambie Medius achomoe basi," akasema. "Wagonjwa iko wananingoja."

Nilimpa Medius simu amjibu mwenyewe, maana mimi nilikuwa nalia.