Siku Ndizi Hazikumenywa

Mimi shule niliishia darasa la nne, na sioni haya kulisema. Wenzangu waliosoma sana leo wananipigia simu kuomba lifti kwenye Fuso langu. Nilianza na baiskeli ya kuazima, nikipeleka mikungu ya ndizi hadi Murongo kwenye mpaka wa Uganda, mvua ya kwangu, matope ya kwangu, wanunuzi wa ng'ambo wananipunja na mimi najifunza. Leo katika kijiji chetu hapa Kyerwa ukiuliza "kwa tajiri" hata mtoto anayetambaa atakunyooshea kidole kwenye geti langu. Kwa hiyo mtu akipatwa na shida hapa, geti la kwanza analofikiria ni hilo. Ndivyo alivyofika mama mmoja kibarua.

Ulikuwa msimu wa kahawa. Wakati huo vibarua kutoka Burundi wanakuwa wengi huku kwetu. Wapo wanaokuja kuchuma na kurudi makwao, na wapo wasioweza kurudi. Yeye alikuwa wa hao wa pili. Kwao walikuja watu wakamchukua mume wake, hakuonekana tena, naye akavuka mpaka na binti yake mgongoni. Akapata kazi kwa jirani yangu, mwenye shamba kubwa la kahawa kuliko mtu yeyote hapa ukiniondoa mimi. Akapewa na kibanda cha kulala humo humo shambani.

Sasa niseme jambo moja la kwetu. Mgeni akija kuishi kijijini lazima awe na mwenyeji. Mwenyeji ndiye anayempeleka kwa mwenyekiti wa kitongoji kumtambulisha, na kuanzia hapo mgeni akiwa na neno, mwenyeji ndiye anayelisema. Mbuzi wake akila mahindi ya watu, anaitwa mwenyeji. Akigombana na mtu kisimani, anakwenda mwenyeji. Si utaratibu mbaya. Mimi mwenyewe nimesimamia wageni wengi na hakuna aliyetoka kwangu analia. Lakini mwenyeji wa mama huyu, yule jirani yangu mwenye shamba, ndiye aliyekuwa anaingia kibandani na kumwingilia kwa nguvu. Na siku aliyogoma, jamaa akamvunja mkono kwa mpini wa jembe.

Mke wangu alimkuta asubuhi amekaa kwenye ghala langu la ndizi, mtoto amelala juu ya majani makavu, mkono umevimba kama mguu. Mke wangu ni kiongozi wa kikundi cha akina mama kinachopinga ukatili. Wana kitenge chao cha sare, wana semina zao, wanapita kwenye mashamba ya kahawa kuongea na wanawake vibarua. Kuna watu walikuwa wanawacheka. Mimi sikucheka, maana kile kitenge nilikinunua mimi, jora zima.

Katika kikundi hicho yumo bibi mmoja ambaye wazazi wake walitoka Rwanda, anasikilizana na Warundi bila shida. Aliitwa, akakaa naye. Tukaambiwa kwamba jana yake mama yule alikwenda kwa mwenyekiti kushtaki. Mwenyekiti alimuuliza, "Mwenyeji wako nani?" Akamtaja. "Basi aje yeye akusemee. Mimi siwezi kusikiliza mgeni anayezunguka peke yake."

Mke wangu alisimama, akaingia ndani, akatoka amevaa viatu.

"Washa gari," akaniambia. "Tunakwenda hospitali Nyakahanga."

Yule mama aliposikia hospitali akakataa kuinuka. Alisema hospitali watamuuliza kapigwa na nani, polisi watakuja, baada ya polisi ni Uhamiaji, na Uhamiaji watamrudisha kule kule walikomchukua mumewe. Jirani yangu alikuwa anamwambia hivyo kila alipoingia kibandani: nikipiga simu moja tu, wewe na mtoto mnalala ng'ambo.

"Afisa ustawi wa jamii alitufundisha," mke wangu akamwambia, bibi akitafsiri. "Aliyepigwa anatibiwa kwanza na anasikilizwa kwanza. Mambo ya karatasi yanakuja baadaye, na hutakwenda peke yako."

Tukaenda. Muuguzi aliyempokea alimwita "mdogo wangu" na kumshika bega lile zima. Akafungwa plasta ngumu. Njiani kurudi nilikuwa nimeshapata dawa ya jambo lote, maana mimi kichwa changu hakilali.

"Mama," nikamwambia, "kuanzia leo mwenyeji wako ni mimi. Kesho nakwenda kwa mwenyekiti, nakusemea, na akinisikia mimi atasimama wima. Hakuna mtu Kyerwa nzima ambaye sijawahi kuongea naye akanielewa."

Bibi akatafsiri. Yule mama akajibu kwa Kiswahili chake mwenyewe, taratibu.

"Mzee, Mungu akubariki. Lakini ukinisemea wewe, kesho ukikasirika na mimi, nitasemewa na nani?"

Iliniuma kidogo, siwezi kudanganya. Mimi nilikuwa natoa zawadi kubwa. Mke wangu akatazama nje dirishani kama hakusikia, lakini nilimwona anatabasamu.

Juma lile jirani yangu alikuwa na sherehe ya kipaimara cha mwanawe. Alikuwa amealika paroko, mwenyekiti, mimi, walimu, watu mpaka wa Bukoba. Na kwetu sherehe haiwi sherehe bila ndizi, na ndizi hazijimenyi. Asubuhi ya siku hiyo wanawake majirani wanakuja na visu vyao, wanakaa kuzunguka lundo, wanamenya na kupiga soga mpaka masufuria yanajaa. Hawaombwi wala hawalipwi. Leo kwako, kesho kwangu.

Wakaja. Wamevaa kile kitenge. Wakakaa kuzunguka lundo, visu mapajani, na hawakugusa ndizi hata moja.

Mwenye sherehe alidhani wanapumzika. Akapita mara ya kwanza, akapita tena. Mara ya tatu akasimama.

"Akina mama, mnazitazama ndizi mpaka ziive? Paroko yuko njiani!"

"Tunasubiri kikao," mke wangu akasema.

"Kikao cha nini siku ya sherehe?"

"Cha yule mwenye mkono wa plasta. Asikilizwe na mwenyekiti, aseme mwenyewe. Akishasikilizwa tunamenya."

Jamaa akanigeukia mimi, mbele ya wageni wake. "Tajiri, mkeo amekushinda?"

"Alinishinda tangu harusi," nikamwambia. "Unafikiri haya maendeleo niliyapata wapi?"

Watu wakacheka, yeye hakucheka. Akaenda jikoni kumwita mkewe aje amenye walau yeye na shangazi zake. Mkewe akatoka na kisu mkononi. Akatazama lundo, akawatazama wale wanawake. Akatafuta nafasi kati yao, akakaa, akaweka kisu pajani. Hata waliokuwa wanachuna mbuzi wakaacha kuchuna.

Mwenyekiti alifika amevaa suti, na njaa yake ilionekana kwa mbali. Akaelezwa. Akajaribu kuahirisha, akaambiwa basi na chakula kimeahirishwa. Akavuta kiti. Mke wangu akatuma watu, yule mama akaja, ametembea kutoka kwangu na yule bibi, mkono umening'inizwa kwa kipande cha khanga.

"Haya," mwenyekiti akasema. "Mwenyeji wake ni nani?"

Nilijua mimi nilishakataliwa, lakini miguu yangu ilitaka kusimama yenyewe. Nikaikanyaga.

"Mwenyeji wangu ndiye aliyenivunja," yule mama akasema. "Leo nasema mimi."

Akasema. Kiswahili chake kilikuwa kinakwama, akikwama bibi anamsogezea neno, anaendelea. Alisema ya kibandani, mbele ya wanaume, mbele ya mke wa mtu huyo. Sauti ilikuwa ndogo lakini haikukatika.

Jirani yangu akatoa simu. "Huyu hana karatasi hata moja! Napiga Uhamiaji sasa hivi, na wote mnaomficha mtajibu!"

"Piga, mwanangu," yule bibi akamwambia. "Na ukishapiga, waeleze huo mkono ulivunjikaje."

Alikaa ameishika ile simu. Hakupiga.

Mwenyekiti alifuta uso. Akasema mkono ule si kesi ya kitongoji, hawezi kuumaliza kwa faini ya mbuzi, unakwenda polisi kwenye dawati la jinsia. Akasema pia, na aliyasikia kila aliyekuwepo, kwamba kwake mtu aliyeumizwa atasikilizwa hata akija bila mwenyeji. Halafu akapanda kwenye gari langu na suti yake, bila kula.

Nyuma yetu wanawake wakaanza kumenya. Mke wangu alikuwa amewaagiza: mtoto wa kipaimara hajamkosea mtu.

Kituoni nilitangulia mbele, nikasalimia, nikaanza kueleza. Askari wa kike wa dawati akanisikiliza kwa adabu, akasema, "Mzee, asante. Subiri kwenye benchi." Wakaingia yule mama, mke wangu na bibi. Mimi na mwenyekiti tukabaki nje kama wanafunzi waliochelewa. Walikaa muda mrefu sana. Alipotoka, macho yalikuwa mekundu, lakini alitembea tofauti. "Nimesema yote," akatuambia.

Jirani yangu alichukuliwa jioni ile ile, na kesi iko mahakamani. Yule mama ametoa ushahidi. Kuhusu kubaki kwake nchini, afisa ustawi alimpeleka kwa wanaosikiliza wakimbizi, na mpaka ninapoandika haya bado hajajibiwa. Sitakudanganya kwamba analala usingizi. Anakaa chumba cha uani kwangu, plasta imeshatolewa, na ameingia kwenye kikundi. Wanapopita mashambani sasa ni yeye anayetangulia, maana vibarua wakimwona hawakimbii.

Juzi nilikuwa getini nakagua matairi. Wakaja wanawake wawili, vibarua, mmoja amefunika jicho kwa upande wa khanga. Nikajiweka sawa, nikakaza mkanda, tayari kuwasikiliza. Wakanipa shikamoo vizuri, wakapiga goti kidogo.

"Mzee, mama yupo? Na yule dada wa Burundi?"

"Wapo ndani," nikawaambia, nikawafungulia geti. "Piteni."